Paleti Saba na Koti la Kijani

Mtu mzima wa miaka thelathini na mitatu, mwenye ndevu zake na kitambulisho cha kazi shingoni, anaitwa Chura na anaitika. Msicheke. Jina alipewa na dada yake siku ya kwanza alipopanda baiskeli isiyo na kiti, akairusha juu ya kidato cha mlangoni, akatua magoti yakiwa karibu na masikio. Dada alicheka mpaka akakaa chini, na jina likaganda hapohapo. Siku hizi hata orodha ya zamu kazini imeandikwa Chura, maana msimamizi alishalisahau lile la kwenye cheti.

Kazi yake ni kufufua paleti, yale majukwaa ya mbao ambayo mizigo hupangwa juu yake ghalani. Zinazomfikia yeye ni zilizovunjika. Anang'oa ubao mbovu kwa mtaimbo, anapachika mzima, anapiga misumari sita, anaisukuma pembeni, anavuta nyingine. Saa kumi na nusu king'ora kikilia, wenzake wanakimbilia kwa watu wao. Yeye anabaki uani, anazipanga paleti zilezile moja juu ya nyingine, halafu anazirukia kwa baiskeli. Fundi mwingine ukimwambia akalie kiti alichokitengeneza mwenyewe, anaanza kukohoa. Chura hana neno, paleti zake anazijua.

Mchezo wenyewe si wa mbio. Unapewa njia fupi iliyozungushiwa kamba, ina mawe, magogo na vitalu vya saruji, na unatakiwa uipite yote juu ya baiskeli bila kuweka mguu chini. Mguu ukigusa ardhi, alama mbaya. Mwenye alama mbaya chache ndiye bingwa. Ukitaka, unaweza kusimama juu ya magurudumu mawili, husogei mbele wala nyuma, ukapumua na kupiga hesabu zako, ilimradi dakika mbili hazijakwisha. Chura kwa kusimama hakuwa na mpinzani. Angeweza kusimama vile akanywa chai.

Tatizo lilikuwa kuruka, na tatizo lilianza Dada alipoolewa.

Mama yao alifariki Chura akiwa na miaka tisa na Dada kumi na tisa. Dada aliacha chuo akasema atashona nguo kidogo, mpaka mambo yakae sawa. Hicho kidogo kilichukua miaka ishirini na mitatu. Wachumba walikuja, wakaambiwa wangoje mtoto amalize shule. Wakangoja, wakachoka, wakaoa kwingine. Mtoto akamaliza shule, akapata kazi, akaota ndevu, na Dada bado anampigia pasi shati. Alipoanza huu wendawazimu wa baiskeli, Dada alikuwa akifunga cherehani saa kumi, anavaa koti lake la kijani, anatembea hadi uani. Husimama kushoto kwa Chura, hatua mbili, mkono wa kulia ameunyanyua usawa wa mkanda, ili kijana akienda kinyumenyume amdake suruali. Akiona mwili umetulia anasema neno moja tu, twende, na Chura anaruka. Miaka kumi na mmoja hivyo, mvua na jua. Hakuna aliyemwomba.

Halafu, akiwa na miaka arobaini na miwili, akatokea bwana mmoja wa mitambo ya maji, mpole, mkimya, hana hata kasoro moja ya kumchukia nayo, na hilo lenyewe linaudhi. Kituo chake cha kazi kipo safari ya saa nane kwa basi. Chura alicheza harusini mpaka soli ikabanduka. Alibeba masanduku, akamkumbatia shemeji yake, akapunga mkono. Kisha akarudi nyumbani, akaosha sahani yake moja, akaitazama pale kwenye kichanja ilivyosimama peke yake. Akalia. Mwanaume na ndevu zake, alilia akiwa ameshika kitambaa cha vyombo, na hakukuwa na mtu wa kumuuliza ana nini.

Wiki iliyofuata alipanga paleti saba kama kawaida, akaanguka. Akatoa moja, akaanguka. Kwenye tano alikwaruza mgongo mzima. Jumapili Dada alipopiga simu akamwambia ukweli, kwamba kaanguka kidogo. Dada akasema, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kuamua, kwamba basi atakuja akae naye kidogo mpaka akae sawa.

Chura alikijua hicho kidogo. Aliujua urefu wake.

Tangu siku hiyo alisema uongo. Kila Jumapili, vipi paleti? Saba, Dada, kama kawaida. Unakula? Nakula. Saba safi? Safi kabisa, mpaka majirani wanapiga makofi. Hakukuwa na majirani pale, kulikuwa na ukuta wa ghala. Na paleti zilikuwa nne, na hizo nne nazo ilikuwa siku hii anavuka, siku ile havuki. Lakini angesema nini? Mwanamke kapata kwake baada ya miaka yote ile. Akirudi sasa kumshika mtu suruali, ndoa ya miezi minane itamngoja kama wale wachumba walivyongoja, na mwisho wake unajulikana.

Uongo una miguu mifupi. Jumapili moja Dada alisema mashindano ya mwisho wa mwezi anakuja kuyaona kwa macho yake, shemeji amesharuhusu, tiketi ipo. Chura akasema karibu sana, akakata simu, akakaa juu ya kitanda. Wiki tatu. Kitalu cha mwisho katika mashindano yale kilikuwa cha saruji, kimo chake sawasawa na paleti saba.

Basi akaanza kutafuta kosa. Alipunguza upepo kwenye tairi la nyuma mpaka likawa linabonyea kwa kidole. Alibadilisha raba za breki. Alijaribu kutanguliza mguu wa kushoto kwenye pedeli badala ya wa kulia, akajikuta kama mtu anayeandika kwa mkono usio wake. Hatua za kuruka alizijua kama jina lake: unakaa juu ya tairi la nyuma na la mbele liko hewani, vidole viwili kwenye breki, unajikunja chini, unajifyatua kwa kunyoosha miguu, unavuta usukani kuelekea kiunoni, kisha miguu inakunjwa haraka ili tairi la nyuma lipande nalo. Zote alizifanya. Na kila safari tairi la nyuma liligonga ukingo wa paleti upande wa kushoto, baiskeli ikapinda, yeye akaenda chini. Kila safari kushoto. Akadhani fremu imepinda, akaipima kwa kamba. Fremu ilikuwa imenyooka kuliko yeye.

Getini kulikuwa na mlinzi mpya, mama mmoja mnene mwenye redio ndogo na sindano ya kushonea vifungo, aliyeajiriwa baada ya Dada kuondoka. Kazi yake ilikuwa kulinda geti, lakini geti lina nini cha kutazama? Alimtazama Chura. Alimwona akianguka jioni baada ya jioni, akawa anapunguza sauti ya redio kila mara akisikia kishindo, kwa heshima. Siku ya kumi akashindwa kuvumilia, akaja mpaka katikati ya uwanja, akasimama mbali kidogo na akakunja mikono.

"Mwanangu, nikuulize kitu na usinifiche," akasema. "Kila ukitaka kuruka unageuka kumwangalia mtu hapo kushoto. Nani yupo hapo?"

Chura akasema hakuna mtu. Mama mlinzi akasema ndiyo maana anauliza, kwa sababu yeye haoni mtu, na kama pana jini aambiwe mapema aombe kuhamishiwa ghala la pili. Chura akacheka, akapanda baiskeli amwonyeshe kwamba haangalii popote. Akakaa juu ya tairi la nyuma, akatulia, akajikunja, na hapo akajikamata mwenyewe: kichwa kilikuwa kimekwisha kugeuka. Macho yalikuwa yanatafuta koti la kijani na mkono ulionyanyuliwa, na masikio yalikuwa yanangoja neno. Akashusha miguu yote miwili chini, akasimama ameushika usukani.

Kwa baiskeli, macho yakienda huku na gurudumu linakwenda hukohuko. Hilo hufundishwa siku ya kwanza. Kumbe miaka kumi na mmoja hajawahi kuruka kwa kuamua yeye. Aliamua Dada, yeye alitoa miguu tu. Alipokuwepo, kule kumtupia jicho kulikuwa kufupi, neno likaja, macho yakarudi mbele. Sasa neno haliji, macho yanabaki kulekule yakingoja, na mwili unayafuata. Alimwambia mama mlinzi si jini, ni dada yangu. Mama akauliza amefariki lini. Chura akasema hajafariki, ameolewa. Mama mlinzi akavuta pumzi, akasema afadhali, akarudi kwenye redio yake.

Kesho yake Chura alifanya jambo ambalo hakumsimulia mtu. Lile koti la kijani Dada aliliacha nyuma ya mlango. Alikwenda nalo kazini ndani ya mfuko, na saa kumi na nusu akalitundika kwa msumari kwenye ubao mrefu, akausimamisha ubao ndani ya ndoo ya mchanga, kushoto, hatua mbili. Akapanga paleti tano. Akapanda, akalitupia jicho koti, akasema twende kwa sauti ya chini, akavuka. Akapanga sita, akavuka. Saba, akavuka, akatua juu kabisa, akasimama pale bila kutikisika, anatazama uani chini yake kulivyo kutupu.

Alifurahi kwa muda wa kama nusu dakika. Kisha akaona ndoo, akaona ubao, akaona koti linalopepea halina mtu ndani, akasikia aibu mpaka kwenye nyayo. Mashindanoni utaingia na ndoo? Utamwambia mwamuzi samahani, huyu ni dada yangu?

Akafikiri kama fundi. Paleti iliyooza huing'oi mbao zote kwa mpigo, itaporomoka. Unang'oa mmoja, unapachika mmoja. Akalisogeza koti hatua moja mbali, akaruka mpaka akazoea. Siku ya pili hatua nyingine mbili. Siku ya tatu akachora mstari wa chaki juu ya ukingo wa paleti ya saba, akajilazimisha kuung'ang'ania mstari huo kwa macho, huku anajua tu kwamba koti lipo. Alianguka, akapanda tena. Koti likafika kwenye rundo la mbao mbovu. Likafika kwenye bomba la maji. Siku ya nane lilikuwa kwenye kibanda cha getini, na mama mlinzi, ambaye sasa alijiona mwalimu, alikuwa analisimamia na kumpigia kelele atazame chaki. Siku ya kumi akamwomba alifungie ndani ya kibanda, lisionekane kabisa.

Siku hiyo, jamani, ndiyo ilikuwa mbaya. Alikaa juu ya tairi la nyuma, upepo unavuma, na kushoto kwake hapakuwa na kitu. Si koti, si ndoo. Akaelewa kwamba hata akivunjika shingo hakuna mkono wa kumdaka, na hata akivuka hakuna wa kuona. Alikuwa mpweke vile ambavyo hakuwahi kuwa hata siku ya kuosha ile sahani. Alitaka kushuka aende zake. Badala yake akautazama mstari wa chaki, akasema twende, mwenyewe kwa mwenyewe, na neno likatoka la kijinga. Akaruka. Tairi la nyuma likapanda, likakaa. Akavuka saba mara nne, akapanga vitu, akaenda nyumbani, akala wali mkavu akiwa amesimama.

Siku ya mashindano Dada alifika na basi la asubuhi. Alikuwa amenenepa kidogo na amesuka nywele mtindo ambao Chura hakuujua. Alikuwa na begi kubwa la magurudumu, wakaliacha kwenye meza ya waandikishaji. Alimshika Chura kidevu, akasema umekonda wewe, nawe unaniambia unakula. Hawakupata muda wa zaidi ya hapo.

Njia ya mwisho Chura aliingia akiwa na alama mbaya tatu tu, zote za mawe. Alipanda gogo, akavuka jiwe, akafika mbele ya kitalu cha saruji. Akanyanyua tairi la mbele, akakaa juu ya la nyuma, vidole viwili kwenye breki. Na hapo akajua, bila kutazama, kwamba Dada amesimama nyuma ya kamba upande wa kushoto. Alimjua kama unavyojua mtu kaingia chumbani na umefumba macho. Siku zote hizo alijizoeza kuruka pasipokuwa na mtu, hakujizoeza hili. Shingo ilimwuma kwa kutaka kugeuka. Jicho moja tu, la haraka, kama zamani. Aone mkono, asikie neno, na miaka yote irudi.

Kwenye ukingo wa kitalu palikuwa na alama nyeupe, saruji iliyobanduka, ndogo kama ukucha. Akaikazia macho hiyo. Akasema twende, kimoyomoyo, akajifyatua.

Alitua juu. Tairi la nyuma lilipanda lote, halikugusa ukingo, si kushoto wala kulia. Watu wakapiga makofi, mwamuzi akanyoosha ngumi kuonyesha hakuna alama mbaya. Katika hesabu ya jumla alikuwa wa nne, na wa nne hapewi kitu, hata chupa ya maji. Hakujali. Alishuka akamtafuta Dada, akamkuta bado palepale kwenye kamba.

Mkono wake wa kulia ulikuwa bado uko juu, usawa wa mkanda. Alipomwona Chura anautazama, akaushusha, akajifuta kwenye sketi kama mwenye unga mikononi. Akasema hongera, mdogo wangu, safi sana. Akasema zile simu, Jumapili zote zile za saba kama kawaida, alijua ni uongo. Miaka yote amemsikia Chura akiongea, atashindwa kuijua sauti ya mtu anayeanguka? Alikuwa anangoja tu aje aone mwenyewe. Chura akainamisha kichwa. Akaanza kueleza, Dada akamkatiza.

"Hukugeuka hata mara moja," Dada akasema. "Nilikuwa nimeshafungua mdomo."

"Dada, ningegeuka nisingevuka."

"Najua. Nimeona." Akacheka kidogo, macho yamejaa maji. "Sasa mimi nimwambie nani twende?"

Chura alimshika bega, wakasimama hivyo mpaka wafanyakazi wakaanza kukunja kamba.

Basi la kurudi lilikuwa saa tisa. Chura alilivuta lile begi, na kwenye ngazi za kituo ilibidi alinyanyue, likamtoa jasho. Akauliza limejaa nini, mtu amekuja kwa siku moja. Dada akasema nguo. Chura akahisi kitu kigumu, kizito, kikigonga goti lake kupitia kitambaa cha begi. Amelala karibu na cherehani ile tangu akiwa na miaka tisa, hawezi kukosea umbo la kichwa chake; kumbe Dada alikuja kukaa kidogo. Akasimama katikati ya ngazi, watu wanampita. Dada hakumtazama. Alikuwa anatafuta tiketi kwenye mkoba, akaipata, akaendelea kuitafuta.

Chura alipandisha begi mpaka juu, akafungua mfuko wake wa mgongoni, akatoa koti la kijani. Lilikuwa na vumbi la mbao na tundu dogo begani palipokuwa na msumari. Alifungua zipu ya begi kidogo tu, bila kuchungulia, akalisukumia ndani kando ya kile chuma.

"Lichukue," akasema. "Kule kwenu jioni kuna baridi."

Dada alimwangalia kama aliyesikia neno geni. Kisha akaitikia kwa kichwa, akapanda basi, akapata kiti cha dirishani upande wa kushoto. Kondakta akapiga bati la mlango mara mbili. Chura alinyanyua mkono usawa wa mkanda, akamwambia twende kwa midomo tu, na basi likaondoka.